Kilo Themanini

Nilikwenda Newala kununua mkoba,
si kutubu. Hilo liwekwe wazi mapema.

Kiduka cha Somoe Nakapala kiko nyuma ya ghala:
mlango wa bati, cherehani mbili, moja mgonjwa,
na harufu ya gunia lililofuliwa mara tatu
na bado linakumbuka korosho.
Mikoba imening'inia misumarini kama popo walioshiba,
ya begani, ya kwapani,
na ile ya harusini, ya kushikwa kwa vidole viwili,
isiyoingia hata mswaki.

Bitana ni kitenge. Mshipi ni ngozi ya mbuzi.
Vifungo ni mpingo; anavichonga shemeji yake, Bakili,
kutoka kwenye vinyago vilivyomvunjikia mkononi.
"Hiki," akanionyesha, "kilikuwa goti la mtu."
Nikakigusa. Cha baridi,
goti lililostaafu kupigwa.

Na usoni mwa kila mkoba, wino mweusi uliopinda:
KOROSHO GHAFI. KILO 80.

Mteja mmoja wa Mtwara mjini, vikuku vinalialia,
aliomba mhuri ugeuziwe ndani.
Somoe hakuacha kukanyaga cherehani.
"Dada, ukiutoa mhuri
unabakiwa na gunia."

Mimi nilijua. Nilikuwa dawati la pili, darasa la tano,
mwaka ule mama yake, Asumini,
alipouza korosho zingali maua mtini,
kangomba, bakuli kwa bakuli,
ili mumewe apasuliwe Ndanda.
Mume hakurudi.
Mnunuzi alirudi. Msimu ulipofika
alifagia hadi chini ya mikorosho,
akasahau gunia moja, tupu.

Asumini akalikata kwa kisu cha jikoni,
akalishona kwa sindano ya mikeka.
Likawa begi la shule.

Huyo Asumini alibangua korosho za watu miaka kumi na tisa.
Mafuta ya ganda yakamla vidole
hata siku ya kuandikishwa kitambulisho mashine ikamkataa.
Weka kidole. Akaweka. Weka kidole.
Akamwambia yule kijana wa kompyuta:
"Ndicho hicho, mwanangu. Sina kingine."

Vidole hivyo, visivyosomeka, ndivyo vilivyoshona,
nasi tukacheka.

Watu husema "tulicheka"
ili kicheko kigawanyike kama pilau ya hitima,
kila mtu na sahani yake, aende zake.
Lakini jina lilitoka kinywa kimoja:
Kilo Themanini! Kilo Themanini kaja!
Mtoto mwenyewe hakuzidi ishirini na tano, na begi lake.
Jina likamfuata bombani,
likamngoja mlangoni alipotoka unyagoni,
likakaa naye darasa la saba, likafanya naye mtihani.

Basi. Nikachagua wa begani.
Akataja bei. Sikupunguza,
mimi ninayepunguza hata bei ya chumvi.

Nilikuwa na sentensi. Nimeibeba tangu Masasi,
nimeinyoosha njia nzima kama ninapiga pasi,
nikaikunja vizuri chini ya ulimi.
Nikafungua mdomo.

"Subiri," akasema, "nikuandikie risiti."

Akaandika polepole, ncha ya ulimi kwenye kona ya mdomo,
vilevile alivyokuwa akiandika insha.
Tarehe. Mkoba mmoja, kifungo cha goti.
Kisha jina langu, la baba,
na lile la nyumbani, la utani,
ambalo hata mume wangu halijui.

Sikuwa nimemtajia hata moja.

Akachana karatasi, akaikunja mara mbili,
akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa ndani, akafunga kifungo.
Akanihesabia chenji, hadi mia ya mwisho.
"Karibu tena," akasema,
na mguu wake ukarudi kwenye cherehani.