Gawanya kwa Mmoja

Jowita, mjukuu wa dada yangu, alikuja Januari
na daftari, na mizani ya kupimia samaki
aliyoiazima kwa baba yake.
"Bibi Gertruda, leo tunapima unyayo wa nyumba hii."
Unyayo? Nikamwonyesha mlangoni:
buti za Alojzy, namba arobaini na nne,
soli zimelika upande wa nje, maana alitembea
kama aliyebeba ndoo hata akiwa mikono mitupu.
Hakucheka. Watoto wa chuo hawacheki haraka.

Tukashuka stoo. Ndoo ya makaa ya mawe
ikaning'inia kwenye kulabu: kilo kumi na moja na nusu.
Ngapi kwa siku? Mbili. Theluji ikija na upepo, tatu.
Akazidisha, kalamu ikikwaruza kama panya,
na kilo za makaa zikageuka kilo za hewa ukaa,
nyingi zaidi. Nikashangaa
moshi kuwa mzito kuliko kilichochomwa.
Akauliza nyama. Jumapili, nikasema,
na Jumatatu mabaki ya Jumapili.
Akauliza ndege. Ndege gani?
Wa dirishani nawalisha mbegu.
Hapo akacheka.

Makaa haya hatukuyanunua.
Miaka thelathini na mmoja Alojzy alishuka shimoni,
na kampuni ikamlipa kwa fedha na kwa makaa.
Alipostaafu fedha zilipungua, makaa hayakupungua.
Kila Oktoba lori lilimwaga kilima mbele ya lango,
naye akasimama na koleo kama mtu aliyeletewa mahari.
"Huu ni mgongo wangu, Truda," alisema.
"Uchome polepole."
Nimeuchoma. Hata kikohozi chake nimekiota.

Hesabu ikafika mwisho. Jowita akatazama buti,
kisha daftari.
"Mwaka jana tungegawanya kwa wawili," akasema.
"Mwaka huu tunagawanya kwa mmoja."

Nilikuwa nimepunguza, Mungu shahidi.
Nilifunga chumba cha juu, nikalala na soksi mbili,
nikaogea maji ya sufuria. Ndoo za mwaka huu
ni chache kuliko zote tangu tuoane.
Na bado, kwenye karatasi ile,
nimekuwa mzito karibu mara mbili.
Nilidhani kufiwa ni kupungukiwa.
Kumbe nusu yake ya jiko, nusu yake ya taa,
nusu ya supu inayoganda sufuriani,
vyote vimeandikwa kwangu.

Jowita akataja dawa: pamba ukutani,
vioo vya tabaka mbili, mashine ya kuvuta joto hewani,
ruzuku ya manispaa, fomu ya kurasa kumi na nne.
Naam, nikasema, naam. Iache mezani.

Alipoondoka nilikaa nikiitazama ile moja.
Namba nyembamba, imesimama kama msumari.
Nyuma ya ukuta anaishi Otylia, mjane mwenzangu;
hatujasemezana tangu ugomvi wa ua la waya.
Bomba lake na langu huanza kufuka saa ile ile,
kila moja likimpasha joto mwanamke mmoja.

Nisikudanganye, sikuiwaza dunia.
Niliwaza ndoo, na magoti yangu, na ngazi.
Nikavaa koti, na miguu ikajiingiza yenyewe
kwenye buti zake, zikanimeza hadi shavu la mguu.
Hatua ishirini kwenye theluji mpya. Nikabisha.
Otylia akafungua kiasi cha pua.
"Leo jiko lako," nikasema, "kesho langu.
Mambo ya ua siyataji."
Akazitazama zile buti, kwa muda mrefu.
"Unaniingizia theluji," akasema. "Pita."

Niliporudi usiku nyayo zilikuwa bado pale,
kubwa, za kulika upande wa nje,
kutoka mlango wangu hadi wake,
kana kwamba Alojzy ndiye aliyekwenda kuomba radhi.

Jowita atarudi na mizani yake ya samaki.
Ataniuliza agawanye kwa ngapi.
Sijui kama fomu ina nafasi
ya mmoja na kitu.