Kopo la Kahawa

Nilimwambia Leland: uza.
Chuma cha mwaka hamsini na moja, rangi yake imebaki
mikunjoni tu, kama wanja wa jana.
Kukisafirisha ni ghali kuliko bei yake,
na huko Truro tumepata nyumba yenye ua
wa kuanika kanga mbili.
Akasema: kazi ni yako, hospitali ni yako, nakufuata.
Lakini trekta la babu halibaki.

Basi piano tukaiachia kanisa.
Jumatano tukayamwaga maji ya chumvi
yaliyokaa ndani ya matairi tangu marehemu Cornelius Friesen
alipoyajaza ili magurudumu yaume tope.
Yalitoka machafu, yananuka kutu, yakaua nyasi.
Leland alisimama mpaka tone la mwisho
kama mtu anayengoja kujibiwa salamu.

Minyororo minne. Winnipeg akashuka, akakaza.
Kenora akakaza.
Kwenye mizani, askari alitoka na kikombe chake,
akaizunguka trela mara mbili, akasahau kuuliza karatasi.
"Babu yangu naye," akasema,
wala hakumalizia.

Ilikuwa baada ya Thunder Bay,
mkono wa kulia ziwa lisilo na ng'ambo.
Upepo ukaling'oa kopo.
Kopo la kahawa, tupu, la kufunika bomba la moshi
mvua isiingie kwenye injini.
Leland aliliona kiooni likiruka
kama kuku aliyeponyoka kisuni.
Akasimamisha gari.
Nikasema: zamu yangu inaanza Jumatatu.
Nitakununulia kopo. Nitakununulia na kahawa ndani yake.
Lakini alikwisha shika njia kwa miguu,
malori yakimpepea shati,
mzee wa miaka sitini na mbili anachungulia mitaro.

Nikabaki. Nyuma ya kiti, kati ya mito na sufuria,
nikaona mguu wa mbuzi yangu.

Mbuzi ya kukunia nazi. Niliifunga kwa kanga
miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya kupima begi:
nikatoa viatu, nikatoa koti, mbuzi ikabaki.
Koti! Nami naenda Saskatchewan, mwezi wa Januari.
Uwanja wa ndege ofisa aliyagusa yale meno
akaniuliza ni silaha ya namna gani.
Tui la kule huja kwenye mkebe, limekwisha kamuliwa.
Mbuzi ikakaa juu ya kabati, haili, hailii,
na kila mwaka Leland akaipaka meno mafuta yasile kutu.
Hakuuliza hata siku moja inafanya nini pale.

Nikazima gari. Nikavaa koti.

Saa nzima: yeye mtaro wa huku, mimi wa kule.
Tukapata glavu moja, kiatu cha mtoto,
kipande cha tairi kilichojikunja kama nyoka.
Kopo nililiona mimi, limekwama msonobarini,
limebonyea ubavu.
Sikumwita papo hapo.
Nililishika kwanza. Ndani mlikuwa na buibui, mzima,
ametoka Swift Current bila nauli.

Truro tuliingia Jumamosi usiku, manyunyu.
Trekta limeujaza ua. Mlango wa nyuma
unapitwa kwa ubavu, pumzi umeizuia.
Tairi moja limeishiwa upepo,
limeinama upande kama linasikiliza.
Asubuhi Leland alizungusha hendeli mara kumi na moja.
Likakohoa, moshi wa buluu, jirani akafungua dirisha,
kisha kimya.
"Kesho," akasema, akalirudisha kopo mahali pake.

Na Jumatatu nilichelewa kazini, siku ya kwanza,
kwa kuwa sare nilikuwa nimeianika kwenye usukani
nayo ilikuwa haijakauka.