Panya wa Septemba

Kila Septemba, nyasi zikikauka Kitangari,
tulichoma pori kwa ajili ya panya.
Wenye mradi wakaja na bango: MARUFUKU.
Mwaka uleule moto ukalila miguu,
likalala kifudifudi, maandishi chini.

Faini tulichangiana kama mchango wa unyago.
Tukalipa. Tukachoma.

Halafu upepo ukageuka.
Mikorosho kumi na mmoja ya Somoe Hokororo,
maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka,
ikafia wima.

Hakwenda kwa mtendaji.
Alikuja asubuhi, masizi kwenye pindo la kanga,
akanikuta natafuna.
"Watamu?" akauliza.
Akanisogezea chumvi, akaenda zake.

Faini ina risiti.
Swali lile, sijui hulipiwa dirisha gani.

Siku hizi nafukua mashimo kwa jembe.
Mgongo unauma, panya ni watatu, wanne,
mwanangu Chilumba ananicheka.
Na bado, upepo wa mchana ukivuma,
mkono huenda mfukoni wenyewe,
hukikuta kiberiti,
hukaa nacho kidogo,
hurudi mtupu.