Daftari la Vichuguu

Walipanda saruji yao usiku wa Jumanne,
vigingi kumi na vinne vyenye kofia nyekundu,
na asubuhi mbuzi wa Mama Chilufya
alikuwa wa kwanza kupinga:
alikojolea cha tatu, akaendelea na safari.

Karatasi yao tumeiona. Ina muhuri, ina nambari,
ina jina la mtu anayeishi ghorofani mjini
ambaye hajawahi kukung'uta tope la Kafubu kwenye kiatu.
Katikati ya ramani wameandika: pori tupu.
Nikalitafuta jiko letu ndani ya lile neno tupu.
Nikatafuta shimo la choo, kaburi la Mwenya,
mstari wa mihogo.
Wino ulikuwa umetufyeka bila panga.

Vijana walitaka nyundo.
"Tung'oe leo," alisema Kapend, "tuzungumze kesho."
Musoya, ambaye ni mwashi, akamjibu taratibu:
"Saruji ukiivunja, jela ndiyo inayojengwa nayo."

Basi tukakaa katika darasa lisilo na mlango,
watu wazima kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigusa videvu,
nami, kwa kuwa naweza kuandika bila kuuacha mstari,
nikapewa biki, na daftari lenye kurasa zilizobaki
nyuma ya hesabu za darasa la nne.

Hatuna vyeti. Tuna vichuguu.
Mchwa hawapokei bahasha.

Andika, wakasema:
Kichuguu cha Nyuki, kati ya Musoya na Kilufya.
Kichuguu cha Matofali, kilicholiwa nusu
mwaka tulipomfyatulia mkunga nyumba.
Kichuguu alipojificha Yowano siku mbili, wakati wa vita,
akatoka na jina jipya lisilotajwa mbele ya wageni.
Kichuguu kisicho na jina. Kiandike hivyo hivyo.

Tulipofika cha ishirini na moja, sauti zikagota.
Mama yangu alisimama. Alilishika dawati
kama mtu anayeshuka kwenye lori.
"Mpaka wangu na Ngosa si pale mnapopajua.
Mwaka wa njaa nilisogeza jembe. Kila msimu, kidogo.
Hatua tatu. Mwanangu, andika."

Biki ilikauka, au mkono wangu.
Nilikula mahindi ya zile hatua tatu.
Viatu vyangu vya shule vilitoka katika zile hatua tatu.
Wote wakamgeukia Ngosa,
aliyekuwa akikwangua ukucha kwa kisu kidogo.
"Nilijua," akasema. "Nilihesabu hata miche.
Utanirudishia ukishavuna. Si kabla;
maharagwe yako yamechanua."
Mtu mmoja akacheka vibaya, kwa pua.
Nikaandika: hatua tatu, baada ya mavuno.

Kisha mikono ikanyanyuka kila upande.
Aliyeziba njia akaitaja njia,
aliyekuwa ameuza pembe ya shamba la kaka yake
akataja bei, akalia kuwa ilikuwa ndogo,
hadi usiku, kwa mwanga wa simu.
Hapo nikaelewa kwa nini karatasi yao ni safi vile:
hakuna mtu aliyeona aibu ndani yake.

Jumatatu tulikwenda Lubumbashi, watu arobaini na mmoja,
vumbi la barabara ya Kasenga hadi kwenye nyusi.
Karani wa ardhi alifungua daftari,
akapita kwenye hesabu za kugawanya,
akafika kwa Nyuki.
"Sasa, kichuguu ni shahidi?"
"Njoo umuulize," alisema Mama Chilufya.
"Yupo nyumbani siku zote."

Akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Turudi baada ya wiki sita.

Tumezipima kwa maharagwe. Yatakuwa yamekauka,
Ngosa atakuwa na hatua zake, mama atakuwa na usingizi wake.
Vigingi bado vimesimama, kofia zinapauka kwa mvua.
Lakini jana, kwenye kile cha saba,
niliona udongo mbichi, mwekundu,
umepanda kimo cha kidole.
Wameanza kujenga.
Nimewaandika.