Kabla ya Handaki

Foleni ilianzia karibu na handaki la Trojane.
Nikakanyaga breki, nikawasha taa za tahadhari,
nikatupa jicho kiooni: gari la kijivu,
linakua.

Muda ule haujapewa jina.
Unaona kila kitu na huna pa kwenda.

Kishindo. Shingo ikaenda, ikarudi.
Miwani ikatua juu ya dashibodi, imekunjika vizuri,
kana kwamba nimeivua nikalale.

Akaja akichechemea, kiatu kimoja mkononi,
sijui kwa nini. Vojko. Miaka kumi na tisa,
gari la mamaye. Akaona wekundu
unachuruzika chini ya buti langu,
akaketi palepale kwenye lami.
"Kuna nani humo?"

Jemu, nikamwambia. Ya cheri.
Chupa kumi na nne za shangazi Milena.

Akacheka, akalia, asijue aache kipi.
Polisi alipouliza kosa ni la nani
akanyoosha mkono kama yuko darasani.

Shangazi, kwenye simu, aliulizia chupa kwanza.

Nami sasa nikisimama kwenye taa,
hata pale mtaani, mbele ya duka la mikate,
kisogo hukodoa macho.