Geti la Ushuru, Isyonje

Ukungu haujainuka, lori la kwanza limeshapiga honi.
Natoka na tochi kuhesabu: magunia sitini na mawili,
lumbesa zote, zimevimba shingo.
Ambokile anashusha kioo nusu, ananisukumia noti.
"Kuleni. Barabara yenyewe iko wapi?"
Sina jibu la barabara.
Mashine inatema risiti; anaipokea, anaitupa matopeni.

Matusi ya viazi nimeyazoea.
Mama mmoja wa kabichi aliwahi kuniambia
jasho lake halitamnenepesha mwanangu.
Nikanyamaza: mwana sina,
na mwaka ule aliyekuwa anakonda ni mimi.

Hilo tunalijua wawili, mimi na Tusekile.
Kila Alhamisi ya pili anapanda kutoka zahanati
na mabuti ya marehemu kaka yake, soksi tatu ndani.
Kwanza kwa Mwalimu Mwaisumo, asiyeweza kushuka kitandani,
kisha kwangu, mlango wa uani.
Anamwaga vidonge kwenye sinia, anahesabu vilivyobaki.
Nikimdanganya anacheka,
anahesabu tena.

Mwaka juzi posho yake ilikatika.
Mfadhili, tuliambiwa, amefunga mkoba.
Tusekile akaenda kuchimba viazi vya watu kwa kutwa.
Ana watoto; nani amlaumu?
Dawa zilikuwepo, kule chini, kabatini,
zimepangwa vizuri.
Nilishuka mara moja. Mara ya pili
nikamwona Ambokile ameketi kwenye benchi,
nikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Mwalimu hakuwa na miguu ya kwendea wala ya kugeukia.
Tulimzika Julai, asubuhi,
sakitu ingali juu ya majani.

Halafu karatasi ikabandikwa ofisi ya kata:
mapato ya ndani na matumizi yake.
Niliisoma kwa kidole. Madawati. Tenki la maji.
Posho za vikao, hizo hazikosi.
Na karibu na chini kabisa, mstari mmoja:
wahudumu wa VVU majumbani, posho ya mwezi,
mabuti jozi kumi na moja.

Dawa zinatoka mbali. Miguu ndiyo yetu.

Nikapiga hesabu kwa bei ya geti langu:
magunia kumi na matano, buti la kushoto.
Kumi na matano mengine, la kulia.
Lori zima la Ambokile, pamoja na matusi yake,
mwezi mmoja wa Tusekile kupanda huu mlima.
Nilirudi getini nikahesabu vizuri zaidi.
Hata lile gunia wanalolificha chini ya turubai nililiona.

Leo Ambokile amezima injini.
Hajawahi kuzima injini.
Ameshusha kioo chote, macho yake kwenye usukani.
"Yule dada wa mabuti," anasema, "hupita siku gani?"

Namwambia.
Analipa.
Risiti anaitupa vilevile.