Kipande cha Sabuni

Saa nne asubuhi, wageni wakishatoka,
navua mashuka ya chumba namba saba
na kuyasoma kabla sijayafua.
Doa la chai. Doa la wanja. Mchanga wa Nyali.
Na leo, upande wa ukutani,
vitone vyeusi, kama mtu aliyejaribu kalamu
kuona kama ina wino.
Kalamu hiyo naijua.

Mwezi jana Bwana Msellem aliniambia:
"Mgeni akijikuna, mwambie ni mbu.
Mbu ni wa serikali. Kunguni ni wa mwenye nyumba."

Nami nikasema mbu.
Mbu, kwa dereva wa lori aliyetoka Taveta.
Mbu, kwa mwalimu aliyeleta watoto kuiona bahari.
Mbu, kwa bibi arusi wa Changamwe
aliyeondoka na mikono mirefu katika jua la Machi,
akanitazama ngazini:
mbu gani huyo anayeuma kwa mstari,
tatu, tatu, kama anayeshona?

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawajalala Mwembe Tayari.
Hapa ukuta upo, umepakwa rangi mara mbili,
na ufa ndio mwenye nyumba.

Kisha Jumapili, nyumbani Mishomoroni,
namwogesha Nyevu karaini,
nikaona mkononi mwake: tatu, kwa mstari.
Nikakaa sakafuni, povu likanikaukia viganjani.
Mwezi mzima nilidhani
mkoba ule unabeba mshahara tu.

Nyanya yangu hakuwa na dawa.
Alikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia,
upande mmoja kaulowesha.
Usiku wa manane anawasha koroboi,
anafunua godoro la sufi ghafla,
anagandamiza sabuni pindoni, wananata.
Hakuwa na hasira nao. Alihesabu.
"Usiyemhesabu," alisema, "humtoi."

Jumatatu nikaja na sabuni.
Kwa tochi ya simu nikafuata mshono wa godoro,
matundu ya skrubu, kichwa cha kitanda,
nyuma ya picha ya ngamia
iliyotundikwa ili watalii wafurahi.
(Ngamia naye alikuwa na wapangaji.)
Ishirini na tisa, na mayai kama punje za chumvi.
Nikafunga chumba. Ufunguo nikautia kifuani.
Sabuni nikaiweka kaunta, juu ya daftari la wageni.

Bwana Msellem akaitazama. Akautazama mlango.
"Ifunike."
"Nimefunika mwaka mzima."
"Tukifunga chumba watu watasema."
"Wanasema tayari, Bwana. Wanasemea stendi ya basi."

Akanyamaza mpaka chai ikapoa.
Halafu akaivuta simu kama anavuta jiwe.

Kyalo alikuja na mashine ya mvuke na pampu ya dawa.
Akafunga sita, saba, nane,
na ile ya chini yake pia,
maana hawa, alisema, hawajui namba za milango.
Hakuahidi kitu. Nilimpenda kwa hilo.
"Leo nimeua wanaotembea.
Walio kwenye yai nitarudi kuwasalimu
baada ya siku kumi na nne.
Na godoro bovu usilitupe njiani:
atalichukua mwenye shida,
na shida yake itarudi kulala hapa."

Magodoro sasa yana mifuko ya zipu.
Bwana Msellem hajaniomba radhi.
Ameniongezea saa moja ya ukaguzi,
bila malipo. Hilo tutalizungumza.

Jana mama mmoja wa Mariakani,
begi lake bado mkononi,
aliniuliza kwa sauti ya chini: "Kuna kunguni?"
Nikasikia neno mbu likinipanda kooni,
limeizoea njia.
Nikalimeza.

"Walikuwepo," nikasema.
"Begi liweke juu ya stuli, si kitandani.
Njoo nikuonyeshe mshono."
Akavua miwani, akaifuta kwa leso,
akaivaa tena,
akainama nami.